Darubini ya Usiku kwa Baiskeli Yangu

Nilimtuma mume wangu sokoni akatafute taa ya kuwindia. Akarudi na askari.

Niseme vizuri, ili hasira yangu ieleweke. Ilikuwa wakati ule wa vita ambapo basoda, yaani askari, wa serikali ya zamani walikuwa wanapita mji wetu wa Kamina wakikimbia, na wale wapya bado hawajafika. Kila kundi likipita, mtaa ulibaki bila kuku, bila redio, bila godoro. Sisi tulibakiwa na kitu kimoja tu cha maana: baiskeli. Kwetu tunaiita kinga. Niliifungua kwa mikono yangu. Magurudumu nikayasukuma chini ya kitanda, fremu nikaiviringisha ndani ya mkeka na kuipandisha darini, kengele nikaizika kwenye kopo la chumvi. Kwa baiskeli ile nilikuwa naenda vijijini kuleta mihogo. Mingine tunakula, mingine nauza. Mume wangu alikuwa mtu wa reli, wa kukaza misumari na kufyeka majani kando ya njia, lakini shimandefere, kampuni ya reli, ilikuwa imesahau zamani kwamba wafanyakazi wake wana matumbo. Kwa hiyo mshahara wa nyumba yetu ulikuwa ile baiskeli.

Tena alikuwa na gobole, bunduki ya kutengenezwa na fundi wa chuma, na usiku aliwinda na taa ya kabidi kwenye paji la uso. Taa ikapasuka. Mtoto wetu wa kwanza alikuwa bado ananyonya, maziwa yangu yalianza kukauka, na bukari kwa sombe, sombe kwa bukari, ugali na kisamvu kila siku, vilikuwa vimenichosha mpaka kwenye meno. Nikamwambia: nenda utafute taa nyingine, nzuri, yenye kuona mbali. Nilikosea hapo tu, kusema "yenye kuona mbali."

"Mama mutoto, kuya uone," akaniita kutoka uani, sauti yake inacheka.

Nyuma yake alisimama kijana mwembamba, shati la jeshi amelivaa ndani-nje, kitu kizito amekikumbatia ndani ya taulo.

"Huyu ni nani?"

"Ni muntu wa bei nzuri."

Kijana akafunua taulo. Ndani kulikuwa na bomba nene la chuma, jeusi, lenye jicho la kioo kila upande. "Ni lunete ya kuona usiku, mama. Wanaifunga juu ya bunduki. Giza yote inakuwa sawa muchana. Na inapima, inakuambia kitu iko mbali namna gani."

"Na weye unataka nini?"

Mume wangu ndiye aliyejibu, bila kufungua mdomo: alitazama dari.

Nilipandwa na moto. "Umemwambia! Weye! Mimi nimeficha kinga kwa basoda wote wa dunia hii, na weye unaenda kuokota mumoja sokoni unamuleta mpaka hapa kwa mukono?"

"Mama, minyi si mwizi," askari akasema. "Kama ningekuwa mwizi, ningekuja na bunduki."

"Iko wapi bunduki yako?"

"Niliitupa mu mto."

"Sasa uko soda wa nini?"

"Njo maana nataka kinga," akasema. "Nirudi kwa mama yangu."

Nilitaka kucheka, nikakataa. Nikamgeukia mume wangu. "Gobole yako inatupa mpaka wapi? Mpaka choo ya jirani! Unataka kumuona munyama kule mbali ufanye nini? Umusalimie?"

"Nitamuona kwanza, nitamukaribia kisha. Fundi atatafuta namna ya kuifunga."

"Na inakula pili gani?"

Askari akatoa mfukoni pili yenyewe, kijiwe cha umeme kidogo, ambacho sijawahi kukiona katika redio yoyote wala katika duka lolote la Kamina. "Iko na hii, na moja tena," akasema.

"Na hizo zikiisha?"

Mume wangu akanipungia mkono kama mtu anayefukuza nzi. "Mama mutoto, angalia kwanza. Utaongea kisha."

Kuangalia kulihitaji giza, na jua lilikuwa juu ya kichwa. Lakini watu wa reli hawakosi giza. Pembeni ya stesheni kulikuwa na behewa la mizigo la chuma, tupu, limesimama tangu treni ziache kuja. Ukivuta mlango wake, humuoni hata mtu anayekupumulia shingoni. Ila tulihitaji mnyama. Nikaenda kwa jirani yetu, mama wa familia ya wafanyabiashara wa Maniema, ambaye alikuwa anamficha mbuzi wake chumbani, naye mbuzi anakula na kulala humo kama mgeni wa heshima.

"Mbuzi wangu mnampeleka wapi?" akaniuliza.

"Tunaenda kupima macho."

"Kwani anaumwa?"

"Hapana, mama. Mgonjwa ni mume wangu."

Tukaingia ndani ya behewa: mimi na mtoto mgongoni, mume wangu, askari, na mbuzi tukamsukuma mpaka mwisho. Mlango ukafungwa. Giza likawa zito, lenye harufu ya kutu na unga wa zamani. Askari akabonyeza kitu, nikasikia mlio mwembamba kama wa mbu, akanishikisha lile bomba. "Weka jicho, mama."

Nikaweka jicho. Na hapo hasira yote ikanitoka kama maji kwenye kikapu.

Kila kitu kilikuwa kijani, kijani kama unapozamisha kichwa ziwani kwenye magugu na kufungua macho. Ukuta wa behewa, na ribiti zake. Nyasi kavu sakafuni. Na mbuzi! Mbuzi anatafuna, taya linaenda huku na huku, hajui kwamba ninamuona.

"Naona ndevu!" nikapiga kelele. "Naona ndevu zake!"

"Nilikuambia nini?" mume wangu akacheka gizani. "Lete, lete!"

"Ngoja!"

"Umeangalia kutosha!"

"Nimesema ngoja!"

Tulinyang'anyana lile bomba kama watoto wenye muwa mmoja. Nilimtazama mume wangu: alikuwa anatabasamu gizani, ametanua mdomo, meno yote nje, akidhani hakuna amuonaye. Nilimvutia mtoto begani, nikamwekea kioo kwenye jicho; akajaribu kukilamba. Nikacheka mpaka behewa likalia. Sitadanganya mtu: wakati ule nilikuwa tayari. Nilishaona nyama ikining'inia jikoni. Kama mume wangu angesema "twende tushushe fremu," mimi ningeshika ngazi.

"Na hii mistari, ni ya nini?" nikauliza. Ndani ya kioo kulikuwa na ngazi ndogo ya mistari, inaanza pana inaenda ikipungua, na namba pembeni.

"Njo kipimo," askari akasema. "Mbili ni metre mia mbili, tatu ni mia tatu, unaendelea."

"Hapo mimi siwezi kudanganywa," mume wangu akasema. "Njia ya reli iko na mawe yake, kila mia moja jiwe. Nayajua sawa meno yangu. Jioni tutapima."

Jioni, jua lilipozama na watu walipokwisha kufunga milango kwa hofu, tulitoka nje ya mji kufuata reli. Mume wangu alimfunga mbuzi kwenye jiwe la mia mbili kutoka tulipokuwa, akarudi akikimbia juu ya mataruma, anahema kwa furaha. Akachukua darubini. Akatazama. Akasogeza.

"Inasema tano."

"Haiwezi," askari akasema.

"Tano! Mbuzi iko kwa mbili, lunete inasema tano. Bongo! Unaniuzia bongo, uongo mutupu!"

"Papa, kitu hii haina bongo. Ni weye haujui kusoma."

"Minyi? Kwenye reli yangu? Niambiwe sijui kusoma jiwe langu?"

Waliendelea hivyo, sauti zinapanda, katika nchi ambayo sauti ikipanda jioni mtu mwingine anaweza kuja kuuliza kwa risasi. Nikampokonya mume wangu lile bomba. Nilikuwa nimemaliza sekondari, na hesabu haikuwahi kunishinda. Nilimtazama mbuzi akiwa mdogo ndani ya ngazi, kwato kwenye mstari wa chini, mgongo unagusa namba tano. Nikafikiri. Kitu kikiwa mbali kinaonekana kidogo. Lakini kitu kifupi nacho kinaonekana kidogo, hata kikiwa karibu. Basi aliyechora ngazi hii alijua mapema urefu wa kitu atakachokitazama. Lazima. Bila hivyo kipimo hakiwezekani.

Nikamuuliza askari: "Hii ngazi ilichorwa kwa urefu wa nini?"

Akaangalia viatu vyake.

"Nakuuliza weye. Ya mbuzi? Ya nyati?"

"Ya muntu, mama," akasema polepole. "Muntu mwenye kusimama. Miguu unaweka chini, kichwa kikigusa mstari, njo unasoma."

"Na ya munyama?"

"Ya munyama haiko."

Hasira yangu ikarudi, na safari hii ilirudi na ndugu zake wote. "Basi nipime minyi!" nikasema. Mume wangu akanishika mkono, nikauchomoa. Nikatembea juu ya mataruma, mtoto mgongoni amelala, mpaka kwenye jiwe. Nikamfungua mbuzi, nikasimama wima, kidevu juu, nikawageukia.

Kutoka kule sikuwaona vizuri, walikuwa vivuli viwili tu kwenye reli. Majani pande zote mbili yalikuwa marefu, na humo ndani, wote tulijua, watu wa mitaa ya pembeni walikuwa wanalala siku hizo na watoto wao na masufuria yao, kwa kuogopa basoda. Nilisikia mmoja anakohoa mahali fulani, akajizuia. Nikangoja. Mbuzi akaanza kula upindo wa kitenge changu.

Kisha mume wangu akapiga kelele: "Toka! Toka hapo! Kuya!" Tangu anioe hakuwahi kuniita kwa sauti ile.

Nilipofika alikuwa ameketi kwenye chuma cha reli, darubini iko mapajani.

"Imesema ngapi?"

"Mbili."

"Jiwe linasema mbili."

"Njo hivyo. Haina bongo." Akainyanyua kwa mikono miwili, kama sufuria ya moto, akamrudishia askari. "Kitu hii haijui paa wala nyati. Inajua bantu tu. Nimemuona bibi yangu na mutoto yangu ndani ya ngazi, wamekaa sawasawa, wameenea. Chukua, ndugu."

Askari akabaki na bomba lake. "Na kinga?" akauliza, na sauti yake ilivunjika kidogo.

"Kinga gani?" nikasema mimi. Lakini macho yangu yalikuwa yameona kitu kingine kwenye mkanda wake, kilichoning'inia siku nzima bila mtu kukiheshimu: tochi ya jeshi, ile yenye shingo iliyopinda. "Hiyo inakula pili gani?"

"Hii? Ya radio. Ni tochi tu, mama."

"Lete."

Nikamwangazia mbuzi, aliyekuwa amenifuata na sasa anatafuna majani hatua chache kando. Macho mawili yakawaka kama makaa. Nikamwambia mume wangu aende kule kwa mbuzi, nikamwangazia yeye: akakunja uso, akajikinga kwa mkono, na macho yake hayakuwaka hata kidogo. Nikarudi kwa mbuzi: makaa. Kwa mume: giza. Kwa mbuzi, kwa mume, kwa mbuzi. Nikaanza kurukaruka kama msichana.

"Hii! Tunataka hii!"

"Nipe kitu basi," askari akasema. "Na hizi nguo za jeshi siwezi kufika kwa mama yangu."

"Utapewa kostimu."

Mume wangu akaruka. "Kostimu gani? Ile suti ya ndoa yangu?"

"Weye ulikuwa unatoa kinga yangu!"

"Mama mutoto, ile kostimu iko moja!"

"Na kinga ziko ngapi?"

Askari aliondoka usiku uleule, amevaa kostimu ya bluu iliyomfunika vidole, akifuata reli kama bwana harusi aliyekosa treni. Nilimfungia mihogo miwili ya kuchemsha kwenye taulo lake. Darubini akaibeba, sikutaka ilale hata usiku mmoja kwenye uwanja wangu. Jumapili, kanisani, walimuuliza mume wangu kostimu iko wapi. "Imesafiri," akajibu.

Safari ya kwanza na ile tochi alirudi mikono mitupu. Nilikuwa mlangoni, tayari kwa ugomvi.

"Majani yalitikisika," akasema. "Nikawasha. Macho haikuwaka."

"Basi ilikuwa nini?"

"Sikungojea kujua. Nikazima, nikarudi."

Ugomvi ukanifia mdomoni. Nikamwekea bukari na sombe, na yeye akala.

Safari ya pili nilimpa kengele ya baiskeli, nimeitoa kwenye kopo la chumvi, aiweke mfukoni, aipige akifika kwenye njia panda ili nijue ni yeye, si basoda. Nikalala na nguo, mtoto kifuani. Jogoo mmoja aliyenusurika mtaani alikuwa anawika niliposikia, kule njia panda, kengele ya baiskeli isiyo na baiskeli, kriing, kriing, haikomi, anaipiga kama mwendawazimu, anaamsha mtaa mzima. Nikajua ni paa, tena mnono. Nikatupa kuni motoni, nikafungua mlango na kuanza kumtukana kwa furaha hata kabla sijamuona.