Mavyaa alipoandamana nami kliniki

Leo mavyaa, mamake mume wangu, kaniganda mpaka tukaenda naye kliniki Msambweni. Moyoni nikasema, nimekwisha.

Maana swali lake la kila Idi mnalijua: mjukuu yuko wapi?

Daktari akaeleza kwamba nina vijifuko vingi kwenye ovari, na homoni zangu zimevurugika. Ndizo zinazoniotesha ndevu ninazozificha chini ya ninja, hii nikabu yangu.

(Haya, sasa mmejua.)

Akaongeza kwamba hali hii huweza kukakamaza mishipa ya damu mapema, kwa hiyo presha na sukari niwe ninapimwa.

Nikainamisha kichwa. Nilijua mavyaa ataulizia mjukuu tu.

Akasema, "Daktari, mjukuu tutamuomba Mungu. Hii mishipa ya mwanangu tuitunzeje?"

Mwanangu!

Jamani, nililia pale pale.

Jioni hii hapa nyumbani Tiwi, chai imepikwa kwa tangawizi tupu. Hakuna sukari, nyumba nzima. Baba mkwe akaonja, akaguna.

Mavyaa akamjibu, "Anayetaka sukari akanywe mkahawani, Kona ya Musa."

Alhamdulillahi kwa mama huyu.

Na nyinyi wenzangu wenye ndevu, mmeshapimwa presha?