Dada Yangu na Rubani wa Zohali

Dada yangu mkubwa aliolewa Kiritiri, anakofuga mbuzi na kuongoza nyimbo kanisani. Mwaka jana alifanyiwa upasuaji wa goti, akaja kupumzika kwangu Timau, ninakoendesha trekta katika mashamba ya ngano. Asubuhi ya kwanza alitoka chumbani akichechemea, akaniuliza ni nani amewasha mashine ya kusaga unga.

Ilikuwa simu yangu. Napenda muziki wa metali, zile gitaa nzito na ngoma za kupasua kichwa, hasa nyimbo za anga za juu: vyombo vilivyopotea njia, nyota zinazozimika. Wenzangu kazini nimewapendekezea mpaka nimechoka. Mmoja alisikiliza kidogo, akaniuliza kwa upole kama nyumbani kuko sawa.

Dada naye, kwa goti lile, hangeweza kunikimbia. Nikamchagulia wimbo wa taratibu, nikawa namtafsiria: rubani amebaki peke yake karibu na sayari ya Zohali, anaita nyumbani kwa redio, na hakuna anayejibu.

Alisikiliza akimenya viazi. "Ana mke?"

Nikamwambia wimbo hausemi.

"Na mama yake anajua alikoenda?"

Hilo pia halikusemwa. Dada akaona waimbaji wangu wana sauti kubwa lakini habari za maana hawatoi, tena yule mkuu wao anahitaji chai ya tangawizi. Kisha akataka urudiwe. Kufikia siku ya kuondoka alikuwa akiupigia ngoma kwa mwiko kwenye sufuria, na nikamwekea nyimbo kadhaa katika simu yake.

Jumapili moja akanipigia. Akina mama wa kanisa walikuwa wakiwaombea wasafiri, naye, bila kufikiri, akamtaja kijana aliyekwama mbali, asiyepatikana kwa simu. Wakaomba kwa bidii, mmoja hata akalia. Baadaye wakataka kujua yuko nchi gani.

"Ukawaambia nini?"

"Niliwaambia ni mbali kupita Saudia."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Yeye hakucheka. Alitaka wimbo ambamo mtu anafika nyumbani.

Nilitafuta sana, maana wanamuziki wangu hupenda kufia hukohuko. Mwishowe nikapata mmoja ambamo chombo kinatua salama, ila duniani hakuna mtu aliyebaki. Nikamtumia pamoja na tafsiri. Ubeti wa mwisho sikuutafsiri.

Jioni akaniandikia kwamba ameshawapa akina mama habari: kijana amefika, na wanamshukuru Mungu.