Milamula ya Mto Kanyinya

Baba yangu, Mutembei, alishika mnyororo wa kupimia ardhi kwa miaka ishirini na miwili, na aliyeishi naye bila kuchoshwa na habari hiyo simjui. Ofisi ya Bukoba ilimpa kofia, koti la mvua na kiburi. Tukibishana nyumbani Nshambya juu ya lolote, hata umri wa mbuzi, alisema, "Ramani haisemi uongo," na hapo mjadala umefungwa.

Mwaka 1951 ramani ilimrudia. Kule Kagoma, kwenye kibanja, shamba la ukoo wetu, baba mdogo Buberwa alimshitaki jirani yake, mjane Verdiana, kwa mkungu, yaani mkuu wa kijiji. Alitaka kipande cha migomba na kahawa, na katikati ya kipande hicho amezikwa mume wa Verdiana. Buberwa alidai kwamba kwenye ramani ya serikali mpaka ni mto Kanyinya, na kipande kiko upande wetu wa magharibi. Verdiana akasema mpaka ni milamula, mimea ya mpakani, iliyomezwa na mafunjo nyuma ya kaburi. Buberwa alicheka, akamwita baba aje na ramani.

Baba aliitafuta ofisini. Chini yake kwenye saraka akakuta nyingine, ya enzi za Mjerumani, karatasi imegeuka rangi ya chai. Akazilinganisha. Katika ile ya zamani Kanyinya ulipita magharibi ya kipande kile, katika mpya ulipita mashariki. Mto ulikuwa umehama.

Jumapili akaenda kanisani Kagoma, nami nikamfuata. Ukutani kulikuwa na picha ya Wakristo wa kwanza wamesimama kwenye daraja la magogo juu ya Kanyinya. Akaomba ishushwe, akaiangalia kwa lenzi ya ofisini. Nyuma ya watu, ng'ambo ya magharibi, milamula ilisimama kwa mstari, ile mimea ya majani marefu tunayopanda mipakani na ambayo hakuna anayethubutu kuing'oa. Akaiweka lenzi juu ya benchi.

"Tata, kuna nini?" nikamuuliza baba.

"Kokuhirwa, ramani ile mpya nimeipima mimi."

Akanieleza, mara ya kwanza bila majivuno. Mwaka 1934 mpimaji Mzungu alimwambia avuke mto, apite mafunjo ya mkondo wa zamani, auvute mnyororo hadi kwenye milamula. Mafunjo yalijaa ruba, na tangu asubuhi hakuwa ametia kitu tumboni. Akaishia ukingoni, akapaza sauti kwamba mto ndio mpaka. Mpimaji akaandika.

Nilimsihi anyamaze, nakiri. Kibanja chetu kilikuwa chembamba, na kahawa ya Verdiana ilikuwa nzuri. Akakunja ramani zote mbili, akazitia kwenye koti lake.

Barazani Buberwa alikaa mbele, ametabasamu kabla ya wakati. Baba akatandika ramani mbili na picha mbele ya mkungu.

"Waitu, ramani hii mpya ina uongo," akamwambia mkungu kwa heshima. "Na mwongo ni mimi." Akasimulia yale ya mwaka 1934, ruba na yote.

"Unamtupa ndugu yako kwa ajili ya ruba?" Buberwa akafoka.

"Nilimtupa Verdiana kwanza."

Mkungu akaamua mpaka upimwe upya siku ileile, hadi kwenye milamula. Tukashuka mtoni; baba akachukua mnyororo, akatafuta mtu wa kushika ncha ya pili. Buberwa alishaondoka. Wanaume wengine wakatazama viatu vyao, wenye viatu. Mimi nilisimama kama gogo, na aibu yake ninayo hadi leo.

Verdiana ndiye aliyekunja gauni lake hadi magotini, akavuka mto, akashika ncha kando ya kaburi la mumewe. Baba akaingia kwenye mafunjo, matope yakamfika kiunoni, akasimama kidogo. Alikuwa na miaka hamsini na sita, na miguu yake ilimuuma.

"Endelea, waitu," Verdiana akamwambia. "Mimi sitaachia."