Ndizi Ndani ya Spika za Mama

Baba alikuwa anaimba besi kwenye kwaya ya kigango chetu huku Kilema, na simu yangu ikawa inammeza. Nilimrekodi mwenyewe, Pasaka yake ya mwisho, nimesimama pembeni ya kinanda. Baada ya mazishi nikamwekea mama ile rekodi. Akainamisha sikio, akasikiliza mpaka mwisho, akanirudishia simu.

"Wanawake nawasikia wote," akasema. "Baba yako yuko wapi?"

Kusema kweli niliumia. Mimi ni fundi redio, jamani! Nina kibanda Moshi mjini, watu wananiletea redio zilizokata roho na wanaondoka nazo zinapiga kelele. Halafu mama yangu mzazi ashindwe kumsikia mume wake kwa sababu kaspika ka simu hakazidi kifungo cha shati? Haiwezekani. Nikaapa kwamba siku ya kumbukumbu yake ya mwaka mmoja, Desemba, kaka zangu wote wakiwa wamepanda mlimani kuja nyumbani, baba ataimba sebuleni kwake na mama atamsikia.

Shida ikawa sebule yenyewe. Ile si sebule ya mtu mmoja. Anakaa mama, wikiendi nakaa mimi, kuna kabati la vyombo ambavyo hakuna aliyewahi kulia, kuna picha ya Moyo Mtakatifu, na vitambaa vya kufuma juu ya kila kitu kisichokimbia. Nyuma ya ukuta, ukuta wa mbao tu, analala ng'ombe. Nilipomwambia naleta spika kubwa, mama akatoa masharti. Spika zisiwe nyeusi, hapa si baa. Zisizidi kabati kwa urefu. Zisimzibe Bwana Yesu. Na zisimshtue ng'ombe, maana akishtuka anabana maziwa.

"Na juu nitaweka vitambaa," akamalizia, "upende usipende."

Nikapenda! Ningekubali hata maua ya plastiki. Kulikuwa na mti wa mgrevilea ulioanguka kihambani, kwenye shamba letu la migomba na kahawa, nikaupasulisha mbao, nikajenga masanduku mawili barazani, vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi, mama ananipigia kelele kwamba namwekea vumbi kwenye kahawa yake aliyoanika. Spika zenyewe nilizitoa kwenye maboksi ya disko yaliyokufa, nikazipata sokoni mjini kwa maneno mengi. Mbele nikafunika kwa gunia la kahawa lililofuliwa vizuri, na ninakuambia lilipendeza hadi nikawa nainuka kwenye chakula kwenda kuliangalia. Chini mbele nikatoboa tundu la kuingia kikombe, ili sanduku lipumue, maana besi bila pumzi haitoki. Ndani inatakiwa sufu au sponji ya kunyamazisha mwangwi. Mimi nikatandika majani makavu ya mgomba, yamejaa hapo nje na hayana mwenyewe.

Tukawasha. Weee! Wanawake walitoka vizuri kabisa, halafu wanaume wakaingia na nyumba nzima ikafanya *uuuuu*, noti moja tu, juu chini ni ileile. Nyuma ya ukuta ng'ombe akapiga ndoo teke.

Mama alikuwa amevaa miwani yake ya kanisani kwa ajili ya shughuli hiyo. Akaivua.

"Huyo si baba yako," akasema. "Hiyo ni mashine ya kusaga."

Nikacheka. Nikafungua mbao za nyuma, nikaziegemeza ukutani pamoja na skrubu zake kwenye kopo, nikaiweka amplifaya, kile kifaa cha kukuza sauti, kwapani na kushuka nayo Moshi. Niliamini kosa liko humo. Wiki nzima wateja walisubiri, mimi nabadilisha vifaa, naunguza vidole, naongea na amplifaya kama mtu anayegombana na mume.

Jumamosi nikapanda tena. Mama hakuwepo, alikuwa kwenye sala za jumuiya. Nikakuta masanduku yamefungwa nyuma, skrubu zote mahali pake, vitambaa vimepigwa pasi juu. Machozi yakanilengalenga. Mama yangu, na magoti yale, kainama na bisibisi kunisaidia! Nikachomeka waya, nikawasha.

Baba akaingia.

Si mngurumo, ni baba! Na lile koo lake lenye kikohozi cha ugoro, kila neno mahali pake. Nilipiga vigelegele peke yangu. Nilicheza sebule nzima na kitambaa cha mama kichwani, nikajisifu kwa sauti mbele ya picha ya Moyo Mtakatifu, kwamba hakuna fundi kama mimi toka Tarakea mpaka Sanya Juu, na amplifaya yangu iko wapi niibusu.

Ndipo nikaona tundu la sanduku la kushoto linatema wadudu. Baba akishuka noti ya chini, *pu!* vinatoka vijidudu vidogo vya kwenye matunda. Akishuka tena, *pu!* vingine. Na harufu! Sebule ilikuwa inanukia kama nyumba ya kupikia mbege, pombe yetu ya ndizi.

Nikafungua nyuma. Chane za ndizi, zimepangwa mpaka juu, zimefunikwa na majani yangu makavu, njano, zinang'aa. Sanduku la kulia vilevile. Nimepiga magoti hapo mdomo wazi, mama akaingia na kitabu chake cha sala.

"Funga!" akapiga kelele. "Unazitoa joto!"

"Shikamoo, mama. Nani kakwambia uweke ndizi kwenye spika?"

"Marahaba. Spika gani? Sanduku la mbao, lina majani makavu, lina tundu la hewa, limeachwa wazi. Tangu kaka zako wabomoe jiko la zamani nalia kwamba sina dari la kuivishia ndizi za mbege. Nikasema, afadhali huyu wa mwisho kanisikia."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mama alijaribu kununa, akashindwa, akacheka mpaka akashika kabati na vyombo vikalia. Amplifaya yangu haikuwa imefanya lolote, masikini. Masanduku ndiyo yalikuwa makubwa kupita kiasi, na ndizi zilikula ile nafasi iliyokuwa inamgeuza baba mashine.

Lakini ndizi zilikuwa zimeiva, na pombe ya kumbukumbu haisubiri. Tukazitoa, mama akazipika siku hiyohiyo. Nikajaribu masanduku matupu: *uuuuu*. Mama akasimama mlangoni na mwiko mkononi, ameacha kucheka.

"Mama, naomba nyingine," nikasema. "Mbichi."

"Za nini? Hazitaiva kabla ya shughuli."

"Si za mbege. Za baba."

Aliniangalia. Akaweka mwiko chini, akachukua panga, akaingia kihambani mwenyewe. Nilisikia mkungu wa kwanza ukianguka, halafu wa pili.

Siku ya kumbukumbu, baada ya misa, sebule ilijaa. Kaka zangu walikuwa wamekaa hadi kwenye mikono ya makochi, mbege inazunguka. Mama alikaa karibu na sanduku la kushoto, ameinamisha sikio vilevile kama siku ya simu. Nikawasha. Wanawake wakaingia. Halafu wanaume, na baba katikati yao.

Mama hakusogea. Ubeti wa pili kuna mahali ambapo baba alikuwa anachelewa kuingia, miaka yote, na miaka yote mama alimgeukia kutoka mabenchi ya wanawake kanisani na kumkata jicho. Pakafika. Wenzake wakaingia. Baba akafuata nyuma yao, peke yake, kwa raha zake.

"Kachelewa tena!" mama akasema kwa sauti, na kichwa kikageuka kabla hajajua anamgeukia nani.

Sebule ikapasuka kwa kicheko, kaka yangu mkubwa akamwagikiwa mbege mapajani. Mama aliweka kiganja juu ya kitambaa, mahali mbao inapotetemeka, akakiacha hapo mpaka wimbo ukaisha. Ng'ombe hakupiga ndoo.

Jioni, wageni wakiaga, nilimwambia mama kwamba wiki ijayo naleta msumeno niyapunguze masanduku, tuachane na mambo ya ndizi.

"Zikiiva nitabadilisha mwenyewe," akasema. "Wewe usimguse."