Kijazio Kinachong'aa

Mimi ni mkuu wa walinzi wa depo moja hapa Rohero, na nimemcheka sana mwenzangu Salvator kwa kujaza bastola yake risasi moja moja. Mimi nikajinunulia kijazio, kile kiduara kinachoshika risasi sita na kuziingiza zote kwa mpigo mmoja. Nilichagua kinachong'aa kuliko vyote.

Jumatatu nikawapanga walinzi wapya, nikafungua bastola yangu kwa madaha, nikakisukuma kijazio. Wapi! Nikasukuma tena, risasi zikamwagika sakafuni.

Yvette, mlinzi mpya, akachungulia. "Shefu, mbona bastola yako iko na matundu tano tu ya risasi?"

Salvator akaziokota risasi, moja moja, taratibu.

"Miaka tisa unaitembeza kiunoni, shefu," akasema. "Ulikuwa unaijazaka nini?"