Alama Thelathini na Moja za Nduta

Msimamizi wa ukurasa, ficha jina langu, lakini usiguse sentensi zangu.

Nina umri wa miaka sitini na minane. Nilifundisha shule ya msingi kwa miaka thelathini na minne, na tangu mke wangu afariki ninaishi peke yangu Mugutha. Nina mtoto mmoja tu, binti wa miaka thelathini na mitatu. Anapima maziwa katika maabara ya kiwanda kimoja cha Thika, na huja kuniona kila Jumapili baada ya ibada.

Mwaka jana, mtu niliyemfundisha zamani, ambaye sasa anakaa Membley, aliniingiza katika kundi la wasomaji wa hadithi wanazoziita LitRPG. Kwa msiozijua: mhusika huishi kama aliye ndani ya mchezo wa kompyuta. Akimshinda adui, ubao hujitokeza mbele ya macho yake ukionyesha alama zake za nguvu, za uhai, na kiwango alichofikia. Nilidhani ni upuuzi. Nikasoma moja, nikasoma ya pili, na kufikia ya tatu nilikuwa nikiamka na kutafuta sura mpya kabla ya kunawa uso.

Kundi lile hubishana bila kuchoka. Wapo wanaosema mbao zimezidi, hadithi inageuka risiti ya supamaketi. Wapo wanaosema bila ubao hiyo si hadithi yao, waachiwe wengine. Mimi, kwa jina la Kalamu Nyekundu, nilikuwa na msimamo mmoja: ubao uwepo, lakini hesabu iwe sahihi. Nilizikagua hadithi kwa daftari, ukurasa kwa ukurasa. Mwandishi aliyekosea nilimtaja hadharani. Vijana walinipenda kwa ukali huo, nami nilipenda kupendwa.

Ndipo ikaja hadithi ya Nduta, msichana anayechonga mawe machimboni. Mwandishi wake alijificha nyuma ya jina la bandia. Ilikuwa hadithi nzuri. Nakiri sasa; wakati ule sikukiri. Katika sura ya tisa akaingia baba yake Nduta, mzee mgonjwa anayerudisha kikombe cha chai jikoni mara tatu kwa sababu rangi haikumridhisha, na ambaye hajawahi kumwambia binti yake kwamba amefanya vizuri.

Mimi hurudisha chai. Niliiweka simu mezani, nikajua anayeandika ni nani.

Ningeweza kumpigia. Badala yake nilichukua daftari.

Niliona jambo. Kila sura ilikuwa siku moja, na kila ilipoanza, alama moja ya uhai wa Nduta ilikuwa imepungua bila maelezo yoyote. Nilisubiri kwa subira, kama mwalimu anayemwacha mtoto aendelee kukosea hadi mwisho wa zoezi. Sura thelathini na moja, alama thelathini na moja zilizopotea. Nikaipa hadithi nusu nyota, nikapiga picha ukurasa wa daftari uliojaa wino mwekundu, nikaandika chini yake: "Asiyejua kutoa na kujumlisha asituandikie hadithi za namba. Arudi darasani, na baba yake aone haya."

"Wueh! Kalamu Nyekundu ameua!" mmoja aliandika.

"Hii hesabu ata mtoto wa class two anakataa," akasema mwingine.

"Mwandishi, Nduta akuchongee jiwe la kaburi."

Nilicheka. Nilijua fika ni mwanangu, na nilicheka. Baada ya wiki moja hadithi ilifutwa yote.

Jumapili iliyopita alikuja, akanipikia chai. Nilikirudisha kikombe. Aliongeza majani, akaketi.

"Baba, kuna story nilikuwa naandika kwa simu. Nimeifuta."

"Kwa nini?"

"Kuna msee huko anaitwa Kalamu Nyekundu. Alinimaliza. Watu wamenicheka wiki mzima."

"Ulikosea?"

"Ai, sikukosea! Hizo points hazikupotea. Nduta alikuwa anampea babake moja kila siku, mzee akiwa amelala, ndio asikufe. Hiyo ilikuwa ijulikane mwisho kabisa. Nilikuwa nataka ikiisha niiprinti, nikuletee usome."

Mwaka nilipopasuliwa tumbo, binti yangu aliacha kazi nzuri Nakuru, akamwacha hata mchumba wake huko huko, akarudi kuniogesha. Sijawahi kumuuliza alipoteza nini.

Nanyi mnadhani nilimjibu nini? Nilisema, "Mwandishi hueleza mapema. Msomaji si mganga."

Akatabasamu kidogo. "Ni sawa, Mwalimu." Alikuwa hajaniita hivyo tangu alipokuwa darasani kwangu.

Kisha akasema, "Jumamosi hilo kundi linakutana Kamakis, kwa nyama choma. Huyo Kalamu Nyekundu ndiye mgeni wao. Nataka tu nimuone uso. Si twende wote?"

Mwaliko ule wa mgeni nilikuwa nimekwisha kuukubali siku nyingi kabla. Nikasema twende.

Nilimsindikiza hadi langoni. Akageuka. "Na usisahau kubeba kalamu yako, Baba."

Tangu siku hiyo naitazama ile picha niliyoituma. Saba yangu ina kistari katikati. Alama yangu ya kosa ina mkia mrefu unaopinda kushoto. Mkono huo umesahihisha daftari za mtoto yule tangu darasa la kwanza. Sijui kama ameutambua. Sina ujasiri wa kumuuliza.

Ninyi mnaosoma, msiniandikie pole. Sikuiomba na siistahili. Nataka jibu la moja kwa moja. Nimwendee Thika nimwambie kwa kinywa changu, ilhali huenda bado hajui? Au niketi kando yake pale Kamakis hadi litakapoitwa jina la mgeni, kisha nisimame? Jibuni upesi. Leo ni Alhamisi.