Chale za Magotini

Wanaume kumi na mmoja walikunja suruali zao mpaka juu ya magoti ndani ya ofisi ya bima pale Somanda, na wa kwanza alikuwa baba yangu.

Baba alikuwa mpakiaji katika kiwanda cha kuchambua pamba, kimojawapo cha vile vya watu binafsi vilivyokuja baada ya soko la pamba kuwa huria. Robota la pamba lilimwangukia, na goti lake la kulia likawa halikunjiki tena. Bima ya ulemavu ilikataa kumlipa. Daktari wao aliona chale gotini, akaandika kwamba baba alificha ugonjwa wa zamani.

"Ugonjwa gani? Hii ni dawa ya ngoma!" baba alilalamika.

Kila mwaka kabla ya mashindano kikundi chao cha ngoma kilichanjwa magotini, miguu isichoke. Nani angeyaandika hayo kwenye fomu ya bima? Ndipo manju, kiongozi wao wa ngoma, akawaleta wote.

"Nanyi nyote mnaumwa magoti?" ofisa aliuliza.

"Mwanangu, sogeza meza tukuoneshe," manju alimjibu.

Wakacheza, baba akipiga makofi kwenye benchi. Ofisa alicheka mpaka akafuta machozi, akaandika barua mpya ya kukubali malipo. Baba alilipwa, tukachinja mbuzi, na manju akamtungia ofisa wimbo.

Ofisa hakuhesabu chale. Mimi, niliyemsindikiza baba, nilihesabu: wachezaji wenzake walikuwa na tatu kila goti, na baba tatu goti la kushoto. La kulia lilikuwa na saba. Mpaka leo hajaniambia zile nne zilikuwa za nini.